Mahali Pazuri Alipotuonyesha Dubow

Nimeshauriwa ninyamaze. Wamenishauri mashemeji zangu, akanishauri imamu mmoja mpole ninayemheshimu, na binti yangu mwenyewe alipiga simu kutoka Nairobi akasema, mama, watu watasema umechanganyikiwa. Waseme. Jambo hili lilinipata mimi, nikiwa macho, nikiwa na akili zangu timamu, jua likiwa ndio kwanza limezama na jiko linawaka mbele yangu. Na shahidi wa pili yupo. Ukimwuliza atainuka aondoke bila kukujibu, lakini hajawahi kukana. Kwa hiyo sikuombi uniamini. Sikiliza tu, kisha ufanye utakavyo.

Mimi ni mzaliwa wa Garissa. Baba yangu alikuwa mtu wa Kipini, aliletwa huku kikazi, akaoa huku, akazikwa huku. Kiswahili changu ni cha kwake, Kisomali changu ni cha sokoni na cha mume wangu. Mume wangu ni Abdi, ambaye mimi humwita Baba Nasteho kwa jina la binti yetu. Tangu ujana wake alikuwa dereva wa lori. Alibeba mbuzi na ng'ombe kutoka Banissa, kutoka Eldas, kutoka kila mahali penye kisima na mfanyabiashara, akawashusha soko la mifugo la Garissa. Na muda wote huo alikuwa na hamu moja tu, kwamba siku moja atasafiri bila mzigo. Ataiona bahari, kisha atapanda milimani kwenye baridi, na atasimama pale atakapopenda yeye, si pale lori litakapoharibika.

Halafu akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalala. Mdomo ukaenda upande, na maneno yakamkimbia. Elewa kwamba Baba Nasteho alikuwa msimulizi, mtu ambaye chai za watu zilipoa mikononi wakimsikiliza. Sasa akawa anatoa neno moja moja lenye mate, na akiona hujamwelewa hulirudia mara moja tu, kisha anageuza uso ukutani. Wageni wakapungua, halafu wakaacha kabisa kuja. Siwalaumu sana. Kumsikiliza ilikuwa kazi.

Wewe ungefanyaje? Mashemeji zangu walisema mgonjwa hupumzishwa. Nikawauliza, apumzike mpaka lini? Mpaka mje kumbeba? Wakakasirika, nami sikuwaomba radhi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na trela kuukuu. Nikampelekea fundi wa kuchomelea vyuma, nikamwambia alijengee kuta na paa, dirisha kila upande, vitanda vitatu, na ngazi yenye chuma cha kushikilia. Fundi alidhani nataka kufungua kioski. Lilipokwisha kupakwa rangi ya maziwa, mji ukaliita kibanda cha mayai, na vijana waliponiona kwenye usukani wa gari letu la zamani, nalivuta trela lile barabara kuu ya Garissa, mwanamke wa umri wangu na shela yake, walinipigia makofi. Nikawapigia honi. Nasteho aliliita karavani, nasi tukafuata jina hilo.

Kazi kubwa ilikuwa kuchagua mahali pa kulala. Watu hudhani ukishakuwa na karavani unakwenda tu. Jioni nyingi nilikaa na simu nikiongea na wenye viwanja vya kambi, mmoja wa pwani, nyuma ya vilima vya mchanga upande wa Malindi, na mwingine wa milima ya Taita. Wao walitaka kunieleza jinsi jua linavyochomoza. Mimi niliuliza habari za choo. Ni cha kukalia? Kina kitu cha kushikilia? Ardhi ni ngumu, au fimbo itazama? Na je, naweza kuingia na kutoka bila kurudi nyuma? Maana nikuambie ukweli, kurudisha trela nyuma kulinishinda. Ukitaka liende kulia unazungusha usukani kushoto, na kichwa changu kilikataa katakata. Mwenye kambi ya Taita alicheka, akaniambia nitazunguka migomba yake nitokee upande wa pili.

Kabla ya kwenda pwani ilibidi tupande kwanza Balambala kumchukua wifi yangu Habiba. Ni dada mkubwa wa Baba Nasteho, mjane, na hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Tulipofika, ndugu walichinja mbuzi, wakamzunguka mume wangu, wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Yeye akala kwa mkono wa kushoto, kimya. Wakatukawiza mpaka alasiri ikaanza kuisha. Tukaondoka mimi na yeye mbele, na Habiba kiti cha nyuma na kopo lake la nyirinyiri mapajani, nyama ya kukaangwa ya safarini, harufu imejaa gari zima.

Nilijua hatutafika Garissa mchana, na sikutaka kuendesha gizani. Taa za trela zilikuwa hafifu, na ngamia barabarani usiku humwoni mpaka umeshamgonga. Kwa hiyo nikatafuta mahali. Njia ile inakata laga kubwa, yaani mto mkavu wa mchanga, usioona maji ila mvua ikinyesha mbali huko juu. Kabla ya kuvuka kuna mwinuko wenye mawe. Nikapanda nao, nikaegesha pale. Usidhani palipendeza. Upepo ulikuwa ukiuchezea moto wa jiko, na kiti cha Baba Nasteho kilikaa upande upande mpaka nikakiwekea jiwe chini ya mguu mmoja. Chini yetu, ndani ya laga, mchanga ulikuwa mweupe, sawasawa, umezungukwa na migunga mikubwa. Pazuri mno kwa macho. Lakini hata mtoto wa huku anajua kwamba katika laga hulali, hata kama mbingu ni kavu. Maji hayapigi hodi.

Jua likazama. Habiba alikuwa nyuma ya karavani anaswali. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye jiko, nangoja birika ichemke. Ndipo akatokea kijana kutoka upande wa laga, anapanda taratibu kati ya mawe. Nilimkadiria miaka thelathini, labda. Shati jeupe, kikoi cha mirabaraba, nywele zimechanwa vizuri. Sura ya kupendeza, sikufichi. Nilidhani ni mchungaji aliyeona moshi akafuata chai.

Nikamsalimu, assalaam aleikum. Akajibu, "Nabad." Sasa nabad ni salamu njema ya Wasomali, maana yake amani. Lakini salamu niliyompa mimi ina jibu lake, linalojulikana na kila Mwislamu, naye hakulitoa. Niliona ni ujana. Akanipita, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha mume wangu, akamwita "Abdi." Hivyo tu, jina tupu. Kijana wa umri ule humwita mtu kama mume wangu adeer, yaani ami, hata kama hamjui. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkanya.

"Dubow," akasema mume wangu. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Nilimwaga maji ya birika mguuni, nikaungua, na sikusikia moto. Ilikuwa sauti yake. Sauti yake ya zamani, nzima, nzito, yenye ule mkwaruzo wa mwisho ambao nilikuwa nimeanza kuusahau. Sentensi nzima bila kukwama.

Niambie ukweli, wewe ungeuliza maswali? Mimi sikuuliza. Nilisema Mungu ameamua, na aliyeamua asiulizwe. Nilikaa palepale kwenye jiko, nikasikiliza huku machozi yananitoka. Walizungumza habari za barabara, za matairi yaliyopasuka, za mbuzi mmoja aliyekula kibali cha mifugo kizuizini, wakakaa hapo siku nzima na mbuzi anacheua ushahidi. Baba Nasteho alicheka mpaka akapiga goti. Alilipiga kwa mkono wa kulia. Mkono ule.

Nikammiminia mgeni chai ya maziwa ya ngamia, nikamwambia bismillahi, karibu. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Mvuke ulikatika hapohapo, na juu ya chai ukaganda utando kana kwamba imekaa tangu asubuhi. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Pindo la kikoi chake lilikuwa limelowa. Maji yalikuwa yakidondoka, naliona kila tone likianguka juu ya jiwe alilokalia, na jiwe lile lilibaki kavu.

Sikupiga kelele. Nikamwambia mume wangu namwita Habiba aje anywe chai, nikaenda. Nilimkuta ndani ya karavani, amekaa sakafuni chini ya dirisha, ameuvuta mtandio hadi machoni. Meno yalikuwa yakigongana.

"Wifi," akaninong'oneza, "huyo ni Dubow wa lori. Nilimpikia kwa mikono yangu siku nyingi. Hajazeeka hata unywele mmoja."

Nikajua. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba kabla hatujaoana alikuwa na mwenzake wa safari aliyechukuliwa na maji. Jina hakulitaja hata siku moja, na picha yake haikuwepo nyumbani. Habiba akanieleza yaliyobaki kwa haraka, akikata maneno. Lori lao lilizima katikati ya laga upande wa Eldas. Wakashusha mifugo, wakangoja msaada. Abdi alilala juu ya kibanda cha lori kwa sababu ya mbu, na Dubow akajilaza chini kwa sababu ya ubaridi wa mchanga. Maji yakaja. Abdi alimtafuta siku kadhaa kwa miguu, akamkuta, akamwosha, akamzika peke yake palepale porini. Alirudi Balambala akiwa na mchanga kwenye kucha, na hakusema na mtu kwa muda mrefu. Habiba akanishika shela, akaniomba tufunge mlango.

Tufunge mlango, na yeye yuko nje? Nikamtoa mikono, nikashuka.

Nilipotoka, wote wawili walikuwa wamesimama. Sikiliza vizuri hapo. Fimbo ya mume wangu imelala kando ya kiti, naye amesimama kwa miguu yake miwili, mabega sawa, kama siku aliyokuja kwetu kunichumbia. Dubow alikuwa amemshika mkono, wanaelekea chini kwenye mchanga mweupe.

Mume wangu akaniambia kwa utulivu kwamba wanahamia kule chini, kuna nafasi nzuri na hakuna upepo, nasi tutawafuata tukipenda. Nikatangulia mbele yao, nikasimama mahali mawe yanapoacha njia nyembamba ya kushuka. Nikamwuliza yule mgeni amezikwa wapi.

Hakushtuka. Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha kuliko meno ya mnyama yeyote. Akasema, "Mwulize Abdi, shemeji. Yeye ndiye aliyenifukia."

"Baba Nasteho," nikasema, "mtu huyu amekufa."

"Najua," akanijibu. "Unadhani sijui? Nilimwosha kwa mikono hii. Lakini sikiliza ninavyosema, Mama Nasteho. Sikiliza tu jinsi ninavyosema."

Nikasikiliza. Wallahi, nilisikiliza. Ningeweza kusimama pale mpaka asubuhi nikiisikiliza sauti ile. Nilikuwa nimeiombea kwenye kila sala, nimeisomea dua, nimeipelekea mafuta ya habasoda na daktari wa mazoezi. Na sasa ilikuwa mbele yangu, imekamilika, inaniaga. Alikuwa amechoka, unaelewa? Amechoka kurudia neno na kugeuza uso ukutani. Alijua anakokwenda na nani anampeleka, na alikuwa tayari.

Nilijaribu kusoma Ayatul Kursiyyu. Nimeijua tangu utotoni, naisoma nikifunga duka, naisoma nikilala. Usiku ule ulimi ukakauka baada ya maneno ya kwanza, na yaliyobaki yakapotea kama hayajawahi kuwamo kichwani. Kwa hiyo nilibaki na kilichobaki, na kilichobaki ni mdomo wa mwanamke wa Garissa anayejua kugomba. Nikakishika kikoi cha mume wangu kiunoni kwa mkono wa kushoto, nikakikaza.

"Wewe ulikuwa naye barabarani," nikamwambia Dubow. "Mimi ndiye niliye naye sasa. Mdomo wake uliopinda ni wangu. Mate yake nayafuta mimi. Hukuwepo alipojifunza upya kushika kijiko, kwa hiyo usije leo na sura yako nzuri ukaniambia unamchukua. Humchukui."

Mume wangu aliniambia nimwachie. Alisema hivyo kwa ukali ambao sijapata kuusikia kwake, si kabla wala baada.

"Nawe," nikamwambia, "ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini utanikasirikia ukiwa hai."

Basi Dubow akainama, akaanza kuvifungua vidole vyangu. Kimoja kimoja, polepole, bila nguvu, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu ili asilie. Baridi yake haikuwa ya barafu. Ilikuwa baridi ya matope ya chini kabisa, ambayo hayajui jua, na harufu yake ni hiyohiyo. Alipokifungua kimoja, nilikifunga kingine. Mguu niliounguzwa na birika sasa ulikuwa unawaka, na nilishukuru, kwa sababu ulinikumbusha kwamba mimi niko upande gani.

Nikasikia ngazi ya karavani inalia. Habiba alikuwa anashuka, mtandio bado usoni, hataki kuona, anapapasa hewani kama kipofu. Alifika, akamkumbatia mdogo wake kutoka nyuma, akafunga mikono yake kifuani kwake. Tukawa watatu tumeshikamana juu ya mawe yale, mmoja wetu akitukana, mmoja akilia kimya, na mmoja akijivuta aende.

Halafu tukaisikia sauti. Kwanza nilidhani ni malori, malori mengi yanashuka mlima bila breki. Kwetu nyota zilikuwa wazi zote, hakuna wingu, hakuna hata harufu ya mvua. Dubow akaniachia mkono. Aligeuza kichwa upande wa juu wa laga, akasikiliza, kisha akasema "Haya," kama mtu anayeitwa kazini. Akashuka. Hakukimbia. Alitembea mpaka katikati ya ule mchanga mweupe, mahali pazuri alipotuonyesha, akajilaza ubavu, mkono mmoja chini ya kichwa.

Maji yakapita juu yake. Yalikuja meusi, yamebeba magogo, vichaka vizima na mizoga, yakajaza laga kutoka ukingo hadi ukingo, na povu likarukia miguu yetu pale juu.

Mume wangu akanigeukia. Mdomo wake bado ulikuwa mzima. Hasira ilikuwa imemtoka, akanitazama kama mtu aliyekumbuka kitu muhimu akiwa mlangoni.

"Mama Nasteho," akasema, "kuna jambo moja nilitaka kukwambia tangu siku ile..."

Na mdomo ukashuka. Niliutazama ukishuka, taratibu, kama utambi wa taa unavyopunguzwa. Mguu ukalegea, akatuangukia mikononi. Hakulimaliza neno lile, na hajalimaliza mpaka leo. Nimemwuliza mara nyingi. Hutikisa kichwa. Labda amelisahau, au labda ni refu mno kulitoa kipande kipande. Hilo ndilo nililolipa, na nalijua.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamepungua hadi magotini, rangi ya chai. Majani makavu yalikuwa yamenasa kwenye matawi ya migunga, juu kuliko paa la karavani yetu. Akaja mzee mmoja na ngamia wake, akatukuta tumekaa na chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nilimsalimu kwa Kisomali. Aliniangalia sura, akaniona wa kuja, akanijibu kwa Kiswahili. Aliuliza nani alituambia tulale pale juu. Nikamwambia ni mimi mwenyewe.

"Umefanya fizuri, mama," akasema. "Bale chini watu hapana lala. Bale iko mtu naita watu."

Sikumwuliza ni mtu gani. Habiba alipolisikia hilo aliinuka, akachukua kopo lake na kifurushi chake, akasimama barabarani mpaka gari la mboga likampa nafasi kurudi Balambala. Bahari hakuiona, na hataki tena kuisikia. Alinikumbatia wakati wa kuagana, hilo nitalisema, akanishika kwa nguvu.

Na mimi? Kila mtu alitazamia nitageuza gari. Shemeji mmoja alipiga simu akaniamuru nimrudishe ndugu yake nyumbani siku ileile. Nikamwambia mtandao mbaya. Maji yalipokwisha tulivuka, tukapita Garissa bila kuingia mjini, tukateremka na Tana, Hola, Garsen, mpaka Malindi. Njia nzima Baba Nasteho hakunitazama. Nilipomlisha alifunga mdomo, akala mwenyewe, akijimwagia. Nilimwacha ajimwagie.

Mwenye kambi ya pwani alikuwa ametuwekea nafasi nzuri kuliko zote, ardhi tambarare, mawimbi karibu kabisa. Nikaegesha. Baba Nasteho hakushuka. Aliugonga mlango kwa fimbo, akagonga na kugonga, mpaka nikawasha gari tena. Nikazunguka kambi, akigonga kila nilipotaka kusimama. Tulifika nyuma kabisa, juu, karibu na jikoni la kambi, penye moshi na kelele za masufuria na jogoo mmoja asiye na adabu. Fimbo ikanyamaza. Nikamwuliza, hapa?

"Hapa," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kunipa tangu kule kwenye laga. Lilikuwa na mate, limepinda, na nililielewa mara ya kwanza. Nilishuka nikaenda nyuma ya karavani nikalia, kisha nikarudi kumshusha. Bahari tuliiona kutoka mbali, juu ya paa za makuti. Ilitutosha. Baadaye tulipanda Taita, nikazunguka migomba ya watu na trela langu, na baridi ikampendeza mno hata akakataa kuvua koti akilala.

Usidhani mambo yalikwisha. Vidole vya mkono wangu wa kushoto, vile alivyovigusa Dubow, vimekunjamana nchani kama vya mtu aliyefua nguo kutwa. Havikauki. Nimevipeleka kwa daktari wa ngozi, akanipa mafuta, akanipa mafuta mengine, halafu akaniuliza nafanya kazi gani ya maji. Pete ya ndoa nimeihamishia mkono wa pili. Ukipita Garissa njoo uvione, sivifichi.

Na kuna jambo la pili, gumu zaidi. Kila tunapolala nje, mahali popote, jua likishazama, Baba Nasteho huinua kichwa akasikiliza. Na nikimtazama naona mdomo wake unaanza kunyooka. Fikiria hilo. Mimi mkewe, niliyeuombea mdomo ule unyooke, ninapouona unanyooka nachukua mwiko na sufuria nagonga. Nagonga, naimba, namsimulia bei ya vitunguu, napiga honi ya gari. Majirani wa kambi hutoka kwenye mahema yao wakaniangalia. Nagonga mpaka mdomo urudi kupinda. Kisha namfuta mate, naye hunitazama, na kuna jioni ananishukuru kwa macho na kuna jioni hanishukuru. Zote nazipokea.

Wewe unayepanga safari yako ya karavani, au ya hema, au ya gari tu na mkeka, panga. Usikae nyumbani kwa sababu yangu. Lakini akija mtu kukuonyesha mahali pazuri pa kulala, mpe kwanza salamu inayodai jibu, na asipolitoa jibu lake usimpe kiti. Akiwa ni mtu wako wa zamani, akiwa amekurudishia kitu ulichokililia, basi hapo ndipo ukaze mkono. Utaona uchungu. Aliye kando yako atakuchukia. Kaza.

Nawe Dubow, kama upo mahali unanisikia, nakupa taarifa kabisa. Mvua zikiisha tunapanda tena Balambala, kwa njia ileile, na nitaegesha juu ya mawe yaleyale. Ukitaka kuja, njoo. Nina sufuria kubwa kuliko ile ya mwanzo, na sijapoteza sauti.